Nani Akikuita Hukatai?

Kazi ya wafanyakazi niliianza nimesimama. Sikuwa na meza wala kiti. Nilikuwa na kalamu sikioni na ruhusa ya kunyoosha kidole: wewe ingia, wewe rudi nyumbani. Hoteli yetu ilikuwa mpya pale Diani, uhuru nao ulikuwa mpya, na kila asubuhi nje ya lango palikuwa na mstari wa watu waliotoka Ukunda, Kinondo na Msambweni, na wengine waliotembea kutoka huko juu Kinango wamebeba viatu mkononi ili vifike safi. Mimi, Rodha, binti wa Wakamba waliohamia Shimba Hills kulima, nilipewa kazi ile kwa sababu nilimaliza darasa la nane na nilijua kupiga taipu. Hakuna aliyeniuliza kama nawajua watu.

Nayakumbuka haya kwa sababu juzi binti wa jirani yangu hapa Ukunda, anayefanya kazi katika hoteli moja ya ufukweni, alipita kunisalimia. Alitoa shikamoo, akakaa, akavua viatu vyake vya visigino, akaanza kulia shida. "Nyanya, mimi kila siku ni kuita watu, kuwahoji na kuwaandika. Wakishaandikwa siwaoni tena. Nitakwama hapo mpaka lini?" Nilimcheka, kisha nikamwonea huruma, maana swali lile niliwahi kujiuliza mimi mwenyewe. Ila yeye ana feni.

Basi nawajibu nyote kwa pamoja, nyinyi mnaokaa katika ofisi zenye lile jina refu, rasilimali watu. Jina hilo hunichekesha. Utadhani watu ni mchanga wa kuchimbwa. Sisi tulisema ofisi ya wafanyakazi, ingawa ofisi yenyewe haikuwapo.

Meneja wetu alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Bwana Saa. Hata ukimwamkia alitazama saa yake ya mkononi kabla ya kukujibu. Hakuwa mtu mbaya, na nataka mlijue hilo mapema, maana wengi wanaosimulia enzi zile hupenda Mzungu wao awe shetani. Hakutukana mtu, na siku za Ijumaa alikula pamoja nasi kwa kuwa aliupenda wali wa nazi kuliko vyakula vya kwao. Kosa lake ni kuamini kwamba mtu ni kama saa: ukichagua iliyo nzuri dukani, itakwenda yenyewe.

Kwa hiyo alinifundisha kuchagua. Mtunza bustani, tazama viganja. Mhudumu wa mezani, mfanye acheke uone meno. Dobi, mpe shuka aikunje mbele yako. Nilijiona hodari, na mara nyingine hodari huyo aliangukia pua. Nilimwandika bwana mmoja awe askari wa usiku kwa sababu alikuwa na sauti ya kutetemesha. Kumbe anaogopa giza! Akawa anaimba kaswida mpaka alfajiri ili ajipe moyo, na wageni wakawa wanatoka vyumbani kumsikiliza. Tukamhamishia zamu ya mchana, na wageni wakalalamika.

Lakini kuna jambo lilinikera. Hoteli ilikuwa ileile na vitanda vilevile, mbona mstari wangu wa asubuhi hauishi? Watu niliowaingiza kwa mlango wa mbele walikuwa wakitokea wapi? Nilimwuliza Bwana Saa. "Watu wa pwani hawapendi kazi," akasema. Wahudumu waliotoka bara nao walisema hivyo hivyo, tena kwa kucheka. Jibu lile lilikuwa fupi mno. Mimi nimeumbwa hivyo, jibu fupi huniwasha mwili mzima.

Mkubwa wa dobi alikuwa mama mmoja wa Kinondo aitwaye Mwanasha. Maneno yake yalikuwa machache na macho yake hayakupitwa na kitu. Siku moja alinikuta nimeshika kiuno pale langoni, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, wewe kila siku uko mlango wa kuingilia," alisema. "Hebu siku moja kakae mlango wa kutokea."

Nikaenda. Nyuma ya jiko palikuwa na kijilango cha wafanyakazi, nami nikawa nakaa pale jioni juu ya kreti tupu, nikiuliza maswali kama mtoto. Unaenda wapi? Kwa nini jana hukuja? Wengine walidhani nimetumwa kupeleleza. Wengine walinipa miwa, tukazungumza. Wale akina mama wa dobi, kwa mfano, kulikuwa na siku fulani fulani walichelewa wote kwa pamoja, na nikiwauliza wanachekeana. Ni Mama Mwanasha aliyeniambia, "Usitazame saa. Tazama bahari." Nikatazama. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka mwambani, na akina mama wangu wako huko mbali na vijiti, wanachokoa pweza mawakoni, mashimoni mwao. Nani wa Kinondo atawaacha pweza wa bamvua akimbilie shuka? Shuka zipo kila siku.

Tulichofanya ni kusogeza zamu ya dobi siku hizo ianze maji yakijaa. Shuka zilikuwa safi vilevile, na siku nyingine jiko la wafanyakazi lilipata pweza wa bei ya kirafiki. Bwana Saa aligoma kwanza, halafu nikamwona anabandika jedwali la maji kujaa na kupwa kando ya saa ya ukutani. Nilifurahi siku nzima. Hapo ndipo nilipoonja kwamba kazi hii ina chumba kingine nyuma ya kile cha kuajiri, na nikataka kuingia.

Sasa niwaambie habari za Bakari.

Bakari alikuwa mpishi wetu wa mikate, kijana wa upande wa Msambweni, mpole, amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Alijifunza kuoka Mombasa, na ni yeye peke yake aliyelielewa tanuri la hoteli, ambalo pembe yake moja ilikuwa na moto wa ukorofi. Tulikuwa tunakaribia Krismasi na hoteli imejaa pomoni. Siku ya Alhamisi alikuja mtu na baiskeli kutoka kijijini kwao, akanong'ona naye mlangoni mwa jiko. Bakari alivua aproni yake, akaja kwa Bwana Saa kuomba ruhusa. Mimi niliitwa kutafsiri.

"Nani amekufa?" Bwana Saa aliuliza.

"Mjomba wangu, bwana."

"Baba yako je?"

"Yupo, alhamdulillahi."

Bwana Saa akafungua kanuni za hoteli, zilizotoka ng'ambo pamoja na masufuria. Ruhusa ya msiba ilikuwa kwa baba, mama, mke na mtoto. "Mjomba hayumo," alisema, wala si kwa ukali.

Bakari alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho. "Mwambie bwana, humo hayumo. Kwetu yumo." Akaikunja aproni vizuri, akaiweka mezani, akainamisha kichwa kwa adabu na kuondoka.

Bwana Saa alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya utulivu, ambayo ndiyo mbaya. Alisema Bakari asipokuwa mbele ya tanuri Jumamosi alfajiri, kazi hana. Tena alisema kuanzia siku ile nisimwandike mtu yeyote wa vijiji vya karibu. Nilete watu wa mbali, kwa sababu mtu ambaye makaburi yao yako mbali atatulia kazini. Na nitafute mpishi mwingine wa mikate mara moja.

"Niende kwanza nikaulize huko kwao," nilisema.

"Kazi yako ni kuleta watu," alinijibu, "si kuwafuata."

Na kuleta kulikuwa rahisi, msidhani kulikuwa na taabu. Katika mstari wa langoni palikuwa na bwana mmoja aliyewahi kuoka mikate kambi ya jeshi huko bara. Ningenyoosha kidole tu, mambo yangekwisha. Bakari angekuwa mtu mwingine aliyetoka, na wale vijana wa Msambweni na Kinondo wangesimama nje ya lango mpaka wazeeke. Nililala na jambo hilo, likanikatalia usingizi. Kwetu Ukambani mjomba ni mtu anayekuja na zawadi, anakula kuku, anakwenda zake. Wa kwangu hata sura yake naikumbuka kwa shida. Inakuwaje mtu mpole aache kazi nzuri kwa ajili ya mjomba? Nilitaka kujua, na nikitaka kujua mimi huwa sishikiki.

Ijumaa nikaondoka. Sikuaga, wala sikuwa na ruhusa, na kama Bwana Saa angeniulizia, ningepoteza kazi pamoja na Bakari. Aliyejua ni Mama Mwanasha tu. Alinivisha leso, moja kiunoni na moja kichwani, akasema, "Sasa unafanana na mtu mwenye adabu." Akapanda nami kwenye lori la mboga la hoteli, tukaenda zetu Msambweni.

Maziko yalikuwa yamekwisha jana yake. Wanawake walikuwa uani na masufuria yao, wanaume mbele ya nyumba juu ya majamvi. Bakari alikaa katikati ya jamvi kubwa, amevaa kanzu. Ndiyo siku niliyoziona nyusi zake kwa mara ya kwanza. Kila mwanamume aliyefika aliinama mbele yake, akamshika mkono kwa mikono miwili, akampa pole, ndipo akatafuta pa kukaa. Na kando kule, karibu na ukuta, walikaa wanaume watatu wazima waliofanana na marehemu kama kwamba wamechongwa na fundi mmoja. Hao niliambiwa ni wanawe wa kuwazaa. Hakuna aliyeanza kwao.

Sikuweza kuvumilia. Mama yake Bakari alikuwa ameketi uani, macho mekundu, nami nikapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Wewe ndiye bi karani wa hotelini?"

"Ndiye mimi. Mama, niwie radhi, nina swali. Wana wa marehemu mbona wamekaa kando?"

Hakukasirika. Nadhani kuulizwa kulimpumzisha kidogo na kilio. "Wale ni wa kwao mama yao," alisema. "Wana wajomba wao nao. Mimi na marehemu tumetoka tumbo moja, na Bakari ni mwanangu, kwa hiyo wa nyumba hii ni Bakari. Sisi Wadigo ndivyo tulivyowakuta wazee. Marehemu ndiye aliyemtia chuoni kusoma Kurani, ndiye aliyemwoza mke, ndiye aliyempeleka Mombasa kujifunza huo mkate mnaoula. Babake alimzaa, Mungu ampe umri mrefu. Lakini mwenye Bakari ni mjombake."

"Na Bakari akiinuka leo akaenda kazini?"

"Ainuke?" Alinitazama, akamtazama Mama Mwanasha, akanitazama tena. "Akiinuka, hawa wanaokuja watampa nani mkono? Itakuwa marehemu hakuwa na mtu. Akae, mwanangu, mpaka matanga yaondolewe. Siku chache tu. Kwani huo mkate hauwezi kungoja?"

Niliona haya na nikaona raha kwa wakati mmoja. Ile raha ilikuwa ya kupata jibu refu.

Baada ya swala ya alasiri Bakari aliinuka kwenda kuchota maji kisimani, nikamfuata.

"Bi Rodha," alisema, "umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kutoa pole. Na kuuliza."

"Mimi nikajua. Haya, uliza."

"Nani mwingine analijua tanuri lako?"

Alitabasamu, mara ya kwanza siku ile. "Mwanajuma wa dobi. Kila alfajiri akifika huja kuota moto jikoni kwangu, na kila alfajiri ananiambia unga wangu mkavu."

"Mwanajuma anajua mikate?"

"Yale mahamri yanayouzwa Ukunda mbele ya msikiti unadhani hukandwa na nani?"

Mwanajuma nilimwandika mimi mwenyewe. Nilimpa shuka, akaikunja vizuri, nikanyoosha kidole, basi. Mahamri yake nilikuwa nikiyanunua kila Jumapili nikitoka kanisani, nikiyala njiani bila kuuliza mwenye mkono ni nani. Ndiyo maana nawaambia, siku ya kumwajiri mtu unamchungulia kwa tundu la ufunguo. Unaona kile tu ulichokuja kutafuta.

Jumamosi alfajiri nilimkuta Bwana Saa jikoni, amesimama mbele ya tanuri baridi. Nilimweleza yote, na kwamba nilikwenda.

"Ulikwenda saa za kazi."

"Ndiyo, bwana."

"Bila ruhusa."

"Ndiyo, bwana. Na nimekuletea mpishi wa mikate. Yuko nyuma yako."

Mwanajuma alikuwa ameshafunga leso na kukunja mikono. Mkupuo wa kwanza uliungua wote upande wa ile pembe korofi, akautupia kuku huku akilisema tanuri maneno ambayo sitayaandika. Wa pili ulitoka mzuri, umeumuka, ila mkono una mazoea yake, na mazoea ya Mwanajuma ni iliki. Mikate ya chai ya hoteli nzima ikanukia kama Idi. Mgeni mmoja mama wa Kizungu aliuliza kwa upole kama mikate yetu huhifadhiwa karibu na sabuni. Kisha akaomba mingine.

Bwana Saa alikula mmoja amesimama, wa pili ameketi. Nilipomwona ameketi nikajua sasa ananisikiliza. Nikamwambia habari za jamvi, na mkono wa pole, na wale wana waliokaa kando.

"Nikimtia mjomba katika kanuni," alisema, "kesho watataka shangazi. Keshokutwa jirani. Mwisho mbuzi wa jirani."

Hoja yake ilikuwa na nguvu, na sitaki mniambie haikuwa nayo. Hata mimi ilinikwamisha. Nilizunguka jiko, nikazunguka tena, Mwanajuma akaniambia nitoke njiani ana sinia la moto. Ndipo likanijia.

"Usimtie mjomba," nilisema. "Usimtie yeyote. Kila mtu akiingia kazini, atutajie mtu mmoja. Mmoja tu, amtakaye. Ruhusa itatolewa kwa ajili ya huyo tu. Akimtaja mbuzi wa jirani, tutampa ruhusa ya mbuzi."

Alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka, na hakuzoea, alikohoa. "Mpaka mwisho wa msimu, na wa vijiji vya karibu uwaandike vilevile," alisema. "Wakiitumia vibaya, Bakari anaondoka, na wewe unarudi kusimama langoni." Hivyo ndivyo riziki ya Bakari na ndoto yangu zilivyofungwa kamba moja.

Nikaanza kuuliza, na nikaanza vibaya. Niliwauliza, "Ni nani akifa ni lazima uende?" Mzee mmoja wa Vanga aliyekuja kuomba kazi ya bustani aliokota kofia yake. "Binti, nimekuja kutafuta kazi, sikuja kutabiriwa maiti." Akatoka. Nilimkimbilia mpaka barabarani, vumbi linanifuata, nikimwomba radhi. Alikubali kurudi kwa sharti nisimwulize kitu tena siku hiyo.

Mama Mwanasha alinicheka mpaka akashika mbavu. "Huwezi kumtaja Israili mtu hajanywa hata chai! Waulize hivi: nani akikuita hukatai?"

Ni hilo tu, wajukuu zangu. Swali lilikuwa lilelile lakini limetawadha. Watu walilijibu, na majibu yao yalikuwa elimu yangu. Wadigo wengi walitaja mjomba. Wengi wengine walitaja mama. Mhudumu mmoja alimtaja mwalimu wake wa chuo. Mduruma aliyekuwa mchungaji kabla ya kuja kwetu alimtaja kaka yake mkubwa, kisha akanieleza kwa kirefu habari za ng'ombe wote wa kaka huyo. Kijana wa mapokezi aliyetoka Nairobi alicheka, "Aah, mimi ni mathe tu, hakuna mwingine." Akatoka. Baadaye alirudi peke yake, akanivuta pembeni, akaniambia mama yake hamjui, aliyemlea ni mpishi wa misheni, niandike huyo.

Mkijua mtu hawezi kumkatalia nani, mnajua mengi. Mnajua ni nani wa kumpa zamu gani, ni nani wa kumfundisha kazi mpya, ni nani analia stoo na kwa nini. Kutoka swali hilo nikaongeza la pili, la Mwanajuma: mbali na kazi hii, mikono yako inajua nini? Nikapata fundi wa saa katika watunza bustani, nikapata mkunga katika wafagiaji. Sikuomba cheo. Nilikuwa nauliza tu, na cheo kikawa kinakuja nyuma yangu polepole, kwanza meza, halafu, baada ya kunung'unika sana, kiti.

Msimu uliisha. Walioitwa walikwenda, na waliokwenda walirudi. Hakuna aliyemtaja mbuzi. Mstari wa langoni ulipungua hata askari akalalamika hana wa kuzungumza naye, na waliosimama walikuwa wa Kinondo na wa Kinango na wa bara vilevile. Bakari alibaki na tanuri lake, Mwanajuma akawa msaidizi wake, na ugomvi wao juu ya iliki ulidumu miaka.

Ningeishia hapo, maana ndipo wasimulizi wenye busara huishia. Lakini sehemu niliyoielewa vizuri zaidi ilikuja baadaye.

Mama yangu alifariki Shimba Hills. Baba alikuwa ametangulia, nami ni mtoto wa pekee, sina mume wala ndugu. Mtu wangu niliyemtaja alikuwa yeye, kwa hiyo nilipewa ruhusa bila neno. Nilipanda kwetu peke yangu, na kilichoniumiza kuliko kifo chenyewe ni kuwazia ule uwanja mtupu. Majirani wa kule wametawanyika mashambani. Sisi watu wa kanisa hatuna desturi ya kukaa jamvini. Nilimwogopea mama aonekane hakuwa na mtu.

Tulipokwisha kumvisha mama, mimi na wanawake wa kanisa, nilitoka nje. Lori la mboga la hoteli lilikuwa limesimama kando ya mihogo. Mama Mwanasha alikuwa tayari jikoni kwa mama, amekalia mbuzi anakuna nazi, na akina mama wa dobi wamemzunguka. Mbele ya nyumba limetandikwa jamvi, na katikati ya jamvi, katika kanzu ile ile, ameketi Bakari. Wazee wa kanisa letu walisimama wakitazamana, hawajui wafanye nini. Kisha mmoja akainama akampa mkono, na wengine wakafuata.

Nilikwenda mpaka kwake. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa bado afisa, na zamu za wiki ile nilizipanga mwenyewe.

"Bakari, leo una kazi."

"Ninayo."

"Mtu wako uliyemtaja ni mama yako. Mzima."

"Mzima, alhamdulillahi. Amekutumia salamu."

"Basi ruhusa huna."

Alininyanyulia macho. "Na wewe ulipokuja kwa mjomba, Bi Rodha, ruhusa alikupa nani?"

Nililia palepale, kwa sauti, mbele ya wazee wa kanisa. Bakari alisogea, akanipa nafasi jamvini, nikakaa.

Bwana Saa alifika mchana kwa gari lake, limekuwa jekundu kwa vumbi la kilimani. Alisimama akiwatazama watu wake, nusu ya dobi, nusu ya jiko, na yule askari mwoga wa giza. Akaniinamia.

"Rodha, hawa wote walimtaja mama yako?"

"Hapana, bwana. Hata mmoja."

Akavua saa yake, akaitia mfukoni, akavua viatu, akampa Bakari mkono kwa mikono miwili jinsi alivyoona wengine wakifanya. Alipata taabu kuikunja ile miguu mirefu. Alipokwisha kukaa akaninong'oneza, "Basi kanuni yako ina tundu. Ukirudi, itengeneze."

Nilirudi, nikaanza kuitengeneza, na siku niliyostaafu nilikuwa bado sijaimaliza.